Kinundu cha dole gumba la mguu: huu upasuaji wa matundu madogo ni kweli au tunapigwa?

Binti Pangani
Wakuu, salaam.

Mama yangu ana miaka 58, mwalimu wa shule ya msingi, kasimama mbele ya ubao miaka thelathini na ushee. Mguu wa kulia umetoka kinundu pembeni, pale dole gumba linapoungana na mguu, na dole lenyewe limemlalia mwenzake kama abiria aliyesinzia kwenye daladala. Kiatu cha kufunika hakivai tena. Akirudi jioni anatumbukiza mguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na hapo usimsemeshe.

Wiki iliyopita tumeenda kliniki moja ya binafsi hapa Dar. Tukaambiwa siku hizi hawapasui, wanatoboa vitundu tu, unaingia asubuhi na jioni unarudi kwa miguu yako mwenyewe. Bei yake ni kama mara tatu ya upasuaji wa kawaida. Mama kafurahi mno, maana Desemba mdogo wangu anaolewa na yeye anataka avae viatu vya maana. Mjomba anasema huo ni mfupa umeota, ukachongwe tu hospitali ya serikali, mambo ya matundu ni biashara ya mjini.

Kuna aliyefanyiwa? Sasa hivi ni Septemba, naombeni majibu kabla hatujalipa.

Kandambili Daima
Dada, muulize mama kama zamani alivaa vile viatu vya mchongoko vilivyokuwa vinafika mlangoni kabla ya mwenyewe. Kama alivaa, kesi imekwisha.

Mzee wa Kibanda
Hiyo ni gauti, wahenga waliita jongo. Dole gumba likivimba ni nyama choma hiyo, na bia. Aache nyama nyekundu miezi miwili, anywe maji, kinundu kitarudi chenyewe. Nimeona wengi.

Kandambili Daima
Mzee wa Kibanda, wewe si ndiye unauza hiyo nyama?

Mzee wa Kibanda
Nauza, sijasema nakula.

Kisu Butu
Niko mafunzoni kwenye mifupa, si bingwa, lakini hapa pana mambo mawili yamechanganywa.

Jongo linakuja ghafla. Mtu analala mzima, usiku anaamka dole limekuwa jekundu, lina moto, hata shuka likigusa anapiga kelele. Baada ya siku kadhaa linatulia. Cha mama wa mleta uzi kimejengeka miaka. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo kipimo cha damu hakina ubaya, ila kuacha nyama hakunyooshi mfupa uliopinda.

Na Mjomba naye, kwa heshima, hajapatia. Mfupa haujaota. Ule mfupa mrefu unaobeba dole gumba umeegemea upande wa ndani, kuelekea mguu wa pili, halafu dole likaegemea nje kuelekea wenzake. Ile kona unayoiona ndiyo inasugua kiatu mpaka inavimba. Ukichonga kona peke yake umepunguza uvimbe, lakini mfupa umeuacha vilevile umelala.

Tunapima kwa eksirei aliyopigwa mgonjwa akiwa AMESIMAMA, uzito ukiwa mguuni. Pembe ya dole ikizidi nyuzi 15 tunasema tatizo lipo. Mpaka 20 ni dogo, 20 hadi 40 ni la kati, zaidi ya 40 ni kubwa. Je, mama alipigwa amesimama au amelala kitandani?

Binti Pangani
Hakupigwa eksirei kabisa. Aliangaliwa kwa macho, tukapewa bei.

Kisu Butu
Basi msilipe hata shilingi.

Fundi Salamba
Mimi ni fundi viatu, nipo Ilala tangu 1998. Vinundu hivi navijua kuliko madaktari, maana mtu huja kwangu kwanza. Walimu, walinzi, askari, wahudumu wa hoteli. Nalowesha ngozi ya kiatu kwa ndani, naingiza kimguu cha mbao nilichokigongea kipande cha ngozi ngumu pale penye nundu, nakiacha siku mbili. Kiatu kinapata nafasi yake. Haizidi elfu kumi.

Na jaribuni hili nyumbani. Mama asimame peku juu ya karatasi, mchore mguu kwa penseli, mkate, halafu muweke ile karatasi juu ya kiatu anachopenda. Mkiona karatasi imetokeza pande zote mbili, mchawi mmempata.

Cucu's Boy wa Nyeri
Fundi nakuheshimu lakini nakataa. Cucu wangu, yaani nyanya, alichuma kahawa maisha yake yote bila viatu, kiatu ilikuwa ya kanisa Jumapili, tena anaivua njiani kurudi. Hiyo nundu alikuwa nayo miguu yote miwili. Mamangu anayo. Mimi ni mwanaume, sijawahi vaa kisigino, na ya kushoto imeanza. Hii kitu iko kwa damu.

Msomaji Mkimya
Nyote mna ushahidi wenu. Mwaka 1958 madaktari wawili wa Hong Kong walilinganisha Wachina waliokuwa wakivaa viatu na waliokuwa wakitembea peku. Kwa wavaa viatu, asilimia 33 walikuwa na dalili za dole kupinda. Kwa wa peku haikufika hata asilimia 2. Cucu wako angekuwa kwenye hao wachache.

Halafu 2021 wataalamu wa Cambridge walitoa matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 177 waliozikwa mji huo zama za kati. Karne ya 11 hadi ya 13 waliokuwa na tatizo ni asilimia 6. Karne ya 14 na 15, viatu vya ncha ndefu vilipokuwa fasheni, wakafika 27. Na waliozidi ni waliozikwa kwenye nyumba ya watawa, matajiri na makasisi wenyewe, asilimia 43. Makaburi ya wakulima nje ya mji, asilimia 3.

Kandambili Daima
Kwa hiyo mchongoko ulianza kwa mapadri. Naomba uzi huu usifutwe.

Kisu Butu
Nakubaliana na Msomaji, ila hata kwa wavaa viatu theluthi mbili hawakupata. Kwa nini? Hapo ndipo ukoo unaingia: umbo la mguu, viungo vilivyolegea, unyayo bapa. Unarithi mguu ulio tayari kupinda. Kiatu ndicho kinachomsukuma aliyekwisha kuinama.

Fundi Salamba
Ndiyo nilichosema, kiatu.

Cucu's Boy wa Nyeri
Ndiyo nilichosema, damu.

Mbongo wa Leeds
Nimefanyiwa hii ya matundu huku Uingereza, mguu wa kulia, miaka miwili iliyopita. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Sikulazwa usingizi. Nilichomwa ganzi kuzunguka kifundo cha mguu na kupewa dawa ya kutuliza, lakini masikio yalikuwa kazini. Ile mashine inalia kama ya daktari wa meno, ila sauti inatokea mbali, chini kule mguuni, na muda wote unasikia maji yanadondoka kwenye beseni. Nilimuuliza nesi ya nini maji, akaniambia yanapoza, kijembe kikizunguka bila maji kinachoma mfupa na ngozi. Kila baada ya dakika chache wanasogeza mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C, wanaangalia kwenye skrini, wanaendelea.

Nilitoka na vitundu vitano, kila kimoja kama punje ya mchele, uzi mmoja mmoja. Na skrubu tatu ndani: mbili ndefu kwenye mfupa mrefu, moja ndogo kwenye dole lenyewe. Sikufungwa hogo, ile plasta ngumu. Ni bandeji tu iliyovuta dole upande wake, na ndala ngumu ya soli bapa kama kipande cha ubao.

Sasa hii habari ya "jioni unarudi kwa miguu yako". Ni kweli nilitembea, kutoka kitandani hadi chooni, kwa kisigino, nimeshika ukuta. Wiki mbili za kwanza mguu ulikaa juu ya mito mitatu, na ukiuteremsha dakika kumi tu unageuka zambarau. Wiki ya sita nikapigwa eksirei, daktari akaridhika, ndipo nikaanza kuendesha gari. Wiki ya nane nikavaa raba, tena namba moja zaidi. Uvimbe wa jioni ulinikaa hadi mwezi wa sita.

Na skrubu moja kichwa kilikuja kunichoma kila nikivaa buti. Nilirudi ikatolewa kwa ganzi, dakika kumi na tano. Ninayo kwenye kikombe jikoni.

Leo natembea vizuri. Ningerudia? Ndiyo. Ila si miezi mitatu kabla ya harusi.

Binti Pangani
Asante sana dada. Kwa hiyo mfupa ulikatwa?

Kisu Butu
Ulikatwa, na hili ndilo nilitaka mama alisikie. "Hawapasui" ni lugha ya sokoni. Kijembe chenyewe kina unene wa milimita 2 hivi, kinapita kwenye tundu la milimita 3 hadi 5, kinakata mfupa kwa ndani. Kisha kichwa cha mfupa kinasukumwa kuelekea kidole cha pili, kinashikwa kwa skrubu. Kwenye dole lenyewe wanakata kakabari kadogo linyooke. Njia hiyo inaitwa Akin, kwa jina la daktari aliyeieleza 1925. Kazi ya ndani inafanana na ya kisu kirefu, yaani upasuaji wa kawaida. Kilichopungua ni jeraha la nje.

Hii yenye skrubu wanaiita MICA, madaktari Vernois na Redfern ndio walioieneza. Za kabla yake nyingine hazikuwa na skrubu, mfupa ulishikiliwa kwa bandeji au kwa waya uliotokeza nje ya dole. Ndiyo maana utakuta madaktari wazee wanakunja uso wakisikia "matundu". Na hawakuwa peke yao: 2010 NICE, taasisi ya Uingereza inayopima tiba, ilisema ushahidi bado ni mdogo, isifanywe kienyeji bila utaratibu maalumu wa kumweleza mgonjwa na kufuatilia matokeo. Tangu hapo mambo yamesogea.

Shangazi Mkali
Mimi ni wa kisu kirefu. 2011, mguu wa kushoto, hospitali siitaji. Nilikaa na hogo wiki sita, kovu ni refu kama kidole. Mwaka wa kwanza nilikuwa natamba, nanunua viatu kila mshahara. Wa tano, nundu hii hapa, imerudi nusu. Nikamuuliza daktari mwingine akasema yule wa kwanza alichonga tu, hakusogeza. Kwa nini hukuniambia haya 2011, Kisu Butu?

Kisu Butu
Shangazi, 2011 nilikuwa kidato cha pili.

Kandambili Daima
Shangazi, tueleze kwanza hivyo viatu vya kila mshahara vilikuwa vya namna gani.

Shangazi Mkali
Vya kawaida.

Kandambili Daima
Urefu wa kisigino?

Shangazi Mkali
Nimesema vya kawaida. Niache.

Pwani Mchangani
Assalam alaykum. Mie nauliza jambo ambalo hamjalitia. Kwenye sijida na tahiyatu, yale madole ya mguu yanakunjwa, yanaelekezwa kibla. Mtu aliyetiwa skrubu atasali vipi? Bi mkubwa wangu ana nundu hilo na hilo ndilo lamtia khofu, si maumivu.

Golori Tano
Waalaykum salaam. Hapo uniulize mie. Nilifanyiwa Muscat 2022, matundu hayahaya. Miezi miwili nilisali kwenye kiti. Daktari alinihimiza kuanzia wiki ya pili niwe nalishika dole kwa mkono na kulipandisha juu na kulishusha, kidogokidogo, mara tatu kwa siku, maana likiachwa litakaza na likikaza ndiyo basi. Baadaye mtu wa mazoezi akanipa golori, niziokote kwa vidole vya mguu nizitie kikombeni. Mzee mzima nacheza golori, wajukuu wanacheka. Leo dole lakunjika, si kama la zamani, lakini kwenye sijida lafika chini. Kwenye tahiyatu ndefu bado lauma.

Mwenzangu tuliyefanyiwa wiki moja hakufanya mazoezi. Yeye mpaka leo yuko kwenye kiti.

Pwani Mchangani
Ahsante ndugu yangu. Hili nitamsomea leo baada ya magharibi.

Bei Elekezi
Naona kila mtu anakwepa hoja. Kama matokeo ni yaleyale, kwa nini mara tatu ya bei? Kovu dogo? Mama ana miaka 58, anamwonyesha nani kovu la mguuni?

Mbongo wa Leeds
Anajionyesha mwenyewe, kaka.

Kisu Butu
Bei Elekezi ana hoja. Kuna utafiti wa Australia wa 2017, wagonjwa 50, nusu matundu na nusu kisu. Wa matundu maumivu yao yalikuwa pungufu wiki sita za mwanzo. Miezi sita baadaye walikuwa sawasawa. Kwa hiyo unacholipia ni zile wiki za mwanzo, na jeraha dogo, jambo ambalo kwa mwenye ngozi inayopona taabu si dogo.

Bei yenyewe inatokana na vifaa: mota inayozunguka polepole kwa nguvu nyingi, vijembe, skrubu, mashine ya eksirei mle chumbani. Kingine ni mkono wa daktari. Huoni unachokata, unaongozwa na skrini na vidole. Wanaoifundisha wanasema mtu hazoei kabla ya wagonjwa ishirini, wengine wanataja hadi hamsini. Huyo wa kwanza hadi wa kumi na tisa ni mama wa mtu.

Bei Elekezi
Hapo ndipo nilitaka ufike. Binti, nenda kamuulize daktari: mama yangu ni wa ngapi?

Cucu's Boy wa Nyeri
Na uulize skrubu ikileta shida kuitoa ni pesa ngapi, ama iko ndani ya hiyo bei. Usiulizie kwa kitanda.

Shangazi Mkali
Na uulize kama anasogeza au anachonga!!

Mzee wa Kibanda
Mimi bado nasema wapime na gauti.

Dada wa Mazoezi
Nimechelewa uzi, nimesoma wote. Mimi ni mtaalamu wa viungo. Hakuna aliyetaja vile vipira vya silikoni vya kuweka katikati ya vidole na vile vibanio vya kulalia usiku vinavyouzwa Kariakoo na mitandaoni vikiwa na picha ya "kabla na baada". Kipira kinaweza kupunguza msuguano, kitumieni. Kibanio ukikivua asubuhi dole linarudi lilikozoea. Sijaona mtu mzima aliyenyooka kwa kibanio.

Na kama mama haumwi, ana nundu tu, asikatwe. Hupasui mguu kwa sababu ya picha za harusi.

Binti Pangani
Anaumwa, dada. Usiku anaamka.

Binti Pangani
Nimerudi wakuu, wiki tatu zimepita, mnisamehe kwa kimya.

Tulienda kwingine, eksirei ikapigwa amesimama, miguu yote miwili. Kulia ni nyuzi 34, kushoto 19. Damu ikapimwa pia, gauti hakuna, Mzee wa Kibanda pole. Daktari huyu akachora kwenye karatasi vilevile alivyoeleza Kisu Butu, mstari unaegemea huku, mwingine kule. Anafanya kwa kisu, anasogeza na kuweka skrubu, matundu hafanyi, na alilisema mwenyewe bila kuulizwa.

Ile kliniki ya kwanza nikarudi kuuliza mama ni wa ngapi. Dada wa mapokezi akasema daktari mwenyewe anatoka nje ya nchi, anakuja mara mbili kwa mwaka, swali hilo nimwandikie. Nimemwandikia. Amejibu kwa adabu kabisa kwamba ameshafanya zaidi ya mia, na kwamba eksirei ilikuwa lazima kabla ya kutajiwa bei, atawauliza watu wake. Kwa hiyo sasa nimechanganyikiwa upya, maana nilitegemea anijibu ovyo nimkatae kwa raha.

Kisu Butu
Zaidi ya mia si haba. Lakini anaondoka lini baada ya kukata? Nani atafungua bandeji wiki ya pili, nani ataangalia eksirei ya wiki ya sita?

Binti Pangani
Hilo sikuuliza.

Mbongo wa Leeds
Uliza hilo. Mimi skrubu yangu ilisumbua mwezi wa saba.

Bei Elekezi
Chukueni wa kisu, yupo hapahapa, mnamjua mlango.

Golori Tano
Mie wangu alikuwa mgeni pia, akaondoka, akaniachia mtu wa mazoezi mzuri. Nikapona. Si kila mgeni ni mwizi.

Fundi Salamba
Na harusi je?

Binti Pangani
Mama kaamua mwenyewe: kabla ya harusi hakatwi mtu. Januari ndiyo atachagua. Jana kafanya kile kipimo chako cha karatasi, Fundi, kwenye viatu vyote kabatini, jozi kumi na moja. Karatasi imetokeza kwenye kumi. Iliyobaki ni malapa ya kuogea.

Ile jozi ya dhahabu aliyonunua kwa ajili ya harusi tunakuletea Jumamosi. Ni ngozi halisi, nimeangalia ndani. Kulia tu.

Fundi Salamba
Leta zote mbili. Wa kushoto una nyuzi 19, umesema mwenyewe.

Kandambili Daima
Malapa ya dhahabu yapo Kariakoo, nasema tu.